Karata za Kulinda Mtaa: Jinsi Mchezo wa Minara Unavyowasaidia Vijana wa Goma Kuzungumza juu ya Amani

Katika kata zote za Goma, tangu Birere hadi Ndosho na Mugunga, vijana wanacheza. Wengine wanacheza mpira juu ya mawe ya lava, wengine karata mbele ya duka, wengine wameinamia telefoni mpaka moto wa betri unapokwisha. Sisi tunaofanya kazi ya amani tumezoea kutumia mchezo kama kengele ya kuwaita watu: tunaandaa mpira, watu wanajaa, kisha tunasoma ujumbe wetu juu ya kuishi pamoja. Ujumbe ukianza, wengi wanaondoka.

Makala hii inaeleza njia nyingine, yaani kuutumia mchezo wenyewe kama somo. Mchezo tunaousema unatokana na michezo ya kompyuta ya kulinda minara ambayo siku hizi imechanganywa na michezo ya kujenga bunda la karata. Tutaeleza ulitoka wapi, jinsi tunavyoucheza kwa karatasi na vifuniko vya soda, na kwa nini tunadhani unafaa mahali kama petu. Tutaeleza pia hatari zake, kwa sababu zipo.

Mchezo huu ni wa namna gani?

Una mizizi mitatu, na kila mmoja unafaa kueleweka.

Mzizi wa kwanza ni michezo ya kulinda minara. Mchezaji ana kitu cha kulinda, na maadui wanakuja kwa mawimbi wakifuata njia. Yeye hawafuati, anapanga minara kandokando ya njia ili iwazuie. Aina hii ilienea sana mwaka 2007 kupitia mchezo wa Desktop Tower Defense uliotengenezwa na Paul Preece. Mwaka 2009 ukaja Plants vs. Zombies, ambao mimea ya bustani inalinda nyumba dhidi ya wafu wanaotembea. Huo wa pili ulifika hata kwenye telefoni, na vijana wetu wengi wanaujua.

Mzizi wa pili ni mchezo wa zamani unaoitwa Rogue, uliotoka mwaka 1980. Ndani yake kompyuta huchora mashimo na njia upya kila mara unapoanza. Ukifa, umekufa, huwezi kurudi hatua moja nyuma. Unaanza tangu mwanzo, mahali papya, na kitu pekee unachobaki nacho ni akili uliyoipata uliposhindwa.

Mzizi wa tatu ni kujenga bunda la karata. Mwaka 2008 Donald X. Vaccarino alitoa mchezo wa mezani uitwao Dominion. Kila mchezaji anaanza na karata 10 dhaifu. Katika kila zamu anashika karata 5, anazitumia, ananunua karata mpya, kisha zote anazitupa kando. Bunda likiisha, zile za kando zinachangwa na kuvutwa tena. Maana yake ni kwamba karata uliyoinunua leo itarudi mkononi mwako kesho, upende usipende.

Mizizi hii ilikutana baadaye. Slay the Spire, uliokamilika mwaka 2019, ulijulikana sana kwa kuunganisha bunda la karata na mtindo wa Rogue. Mwaka 2020 Monster Train uliongeza ulinzi: mchezaji yuko ndani ya treni yenye ghorofa, na maadui wanapanda ghorofa moja baada ya nyingine kuuelekea moto ulioko juu, ambao ndio lazima aulinde.

Tusidhani kwamba mawazo haya ni mageni kwetu. Wazee wa Kivu wanacheza igisoro, ndugu wa bao la pwani, kwenye ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Na igisoro ina jambo moja ambalo michezo ya minara haina: kete iliyotekwa haiuawi. Inahamia upande wa aliyeiteka na kuendelea kucheza huko. Jambo hili tutalirudia hapa chini.

Kwa nini karatasi, si kompyuta?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida. Umeme unakatika, telefoni nzuri ni ya wachache, na kuleta kompyuta katika kata ambayo watu wanatafuta maji ni kuleta wivu. Sababu ya pili ina uzito zaidi. Kwenye telefoni kijana anacheza peke yake dhidi ya mashine. Sisi tunataka wanne au sita wakae meza moja, tena wale ambao kwa kawaida hawakai pamoja: wenyeji wa mtaa na waliokimbia kutoka vijijini, wa motari na wanafunzi, wavulana na wasichana.

Vifaa ni vichache: karatoni moja, karatasi ngumu iliyokatwa, kalamu za rangi, maharage mabichi mkono mmoja, na vifuniko 10 vya soda. Vijana wenyewe wanakata na kuandika. Kazi hiyo inachukua asubuhi nzima, na mara nyingi ndipo mazungumzo ya kwanza yanapoanza.

Jinsi unavyochezwa

Katikati ya karatoni kuna bomba la maji la mtaa, sio mnara. Tulichagua maji kwa sababu mji huu uko kando ya ziwa kubwa lakini kila mtu anajua foleni ya majerikani. Vifuniko 10 vinawekwa juu ya bomba. Ndiyo maji yaliyopo. Njia nne zinatoka pembeni kuja bombani, kila moja ina hatua tano.

Karata za mawimbi ni 12: uvumi, kipindupindu, lava, bei ya unga, wageni waliokimbia vita, vijana wenye mapanga, na nyingine ambazo kikundi chenyewe kinapendekeza. Zinachangwa upya kila mchezo, kwa hiyo hakuna anayejua ni lipi litatangulia. Kila zamu wimbi jipya linafunuliwa, na yale ya zamani yanasogea hatua moja. Likifika bombani, vifuniko vinaondolewa kwa hesabu iliyoandikwa juu yake. Vifuniko vikiisha, wote wameshindwa. Hakuna mshindi mmoja.

Kila mchezaji anaanza na karata 10: Fimbo 5 na Maharage 5. Fimbo inazuia wimbi. Maharage yananunua karata nyingine, na hizi ndizo tunazouza:

- Ukuta: unafunga njia moja mpaka mwisho wa mchezo, lakini wimbi lililozuiwa linahamia njia ya jirani.
- Redio: inafuta uvumi kabla haujafika.
- Salongo: ina nguvu kubwa, ila ni lazima wachezaji wawili waitoe kwa pamoja.
- Likelemba: inakuruhusu kumpa mwenzako maharage yako, naye atakulipa zamu nyingine.
- Swali: inageuza karata ya wimbi ili kusoma nyuma yake.
- Mpatanishi: tutaieleza sasa hivi.

Karata ya Kinyongo

Kanuni moja ndiyo inayobeba mchezo wote. Kila unapotumia Fimbo, wimbi linasimama, lakini unaongezewa karata moja ya Kinyongo katika bunda lako. Kinyongo hakina nguvu. Hakinunui kitu, hakizuii kitu. Kazi yake ni kukaa mkononi mahali ambapo karata nzuri ingekaa.

Mwanzoni hakuna anayejali. Fimbo inafanya kazi vizuri, mawimbi yanazuiwa, vijana wanashangilia. Lakini aliyetumia Fimbo mara 10 bila kununua chochote ana karata 20, na nusu yake ni vinyongo. Wimbi kubwa linakuja, anavuta karata 5, na mkononi ana vinyongo vitatu, Fimbo moja na haragwe moja. Wenzake wanamuuliza: “Utatoa nini?” Hana cha kutoa isipokuwa Fimbo, nayo inamletea kinyongo kingine.

Njia pekee ya kukitoa Kinyongo ni karata ya Mpatanishi, nayo haifanyi kazi kwa mtu mmoja. Ni lazima wachezaji wawili wakubali, kila mmoja atoe kimoja. Katika zamu hiyo hawazuii wimbi lolote, kwa hiyo wanaweza kupoteza maji. Upatanisho unagharimu, na unagharimu wakati ule ule ambao mtu anaona hana nafasi. Hatukuhitaji kuliandika jambo hili katika hotuba, wanaliona mezani.

Adui mwenye uso

Michezo ya minara ina kasoro kwa kazi yetu, na ni vema tuiseme wazi. Adui wake hana uso. Anakuja tu, kwa njia ile ile, bila sababu, na jambo la pekee la kufanya ni kumzuia. Mtu akizoea kuwaza hivyo juu ya jirani yake, tumepoteza. Tumeishi mahali ambapo watu waliitwa kwa majina ya wadudu na nyoka kabla ya kushambuliwa, na tunajua maneno ya namna hiyo yanakoelekea.

Ndiyo sababu nyuma ya kila karata ya wimbi tunaandika sababu na hitaji. Nyuma ya “Wageni wengi” imeandikwa: wanaomba jerikani mbili kwa siku na mahali pa kulala. Nyuma ya “Vijana wenye mapanga” imeandikwa: wameahidiwa chakula, hawajala tangu jana. Nyuma ya “Uvumi” imeandikwa jambo la kweli ambalo uvumi umelikuza. Nyuma ya lava na kipindupindu hakuna mtu wa kulaumiwa, na hilo nalo ni somo, kwa kuwa katika hofu watu hutafuta wa kumlaumu.

Mchezaji mwenye Swali anageuza karata na kusoma. Akitoa kinachohitajika, wimbi halivunjwi. Linaingia katika bunda lake kama karata mpya: wageni wanakuwa “Mikono Mipya”, vijana wanakuwa “Zamu ya Usiku”. Hapa ndipo tulipoiga igisoro. Aliyekuwa upande wa pili sasa anacheza upande wako.

Wengine duniani wamejaribu njia zinazokaribiana na hii. Mwaka 2007 ulitoka mchezo wa kompyuta wa PeaceMaker, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Mchezaji anaweza kuwa waziri mkuu wa Israeli au rais wa Palestina, na anashinda kwa kufikia amani. Karibu nasi zaidi, Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alitengeneza mchezo wa Salaam ambao mchezaji ni mkimbizi anayehitaji maji, chakula na dawa ili afike salama. Mfano wake unawatia moyo vijana wetu kuliko maneno yetu, kwa maana alianza akiwa na kompyuta moja tu ambayo mama yake aliiwekea akiba.

Siku ya shida utavuta ulichoweka

Kama ni kuchagua fundisho moja la mchezo huu, sisi tungechagua hili. Katika karata za bunda, wimbi likifika huchagui unachokitaka. Unavuta kutoka katika kile ulichoweka zamani.

Goma inayajua mawimbi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu. Vita vilikuja 1996 na 1998. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Novemba 2012 mji ulitekwa kwa siku kumi na kitu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye wakaaji wa kata 10 wakaamriwa kuondoka. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, utawala ukabadilika, na katika wiki zilizofuata kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka mji zikavunjwa.

Tukichukua mfano wa Mei 2021: watu walitoka kwa miguu, kwa chukudu, kwa mashua, wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Nani alipata pa kulala mapema? Ni yule aliyekuwa na jamaa, parokia, mwenzake wa likelemba au rafiki wa shule aliyemjua tangu zamani. Usiku ule hakuna aliyeweza kuanza kujenga urafiki. Alivuta uliokuwepo. Na mahali ambapo kulikuwa na vinyongo, hivyo ndivyo vilivyovutwa.

Mikataba mikubwa nayo tunaweza kuielewa hivyo. Januari 2008 mkutano wa amani wa Kivu ulifanyika hapa Goma, na mwisho wake makundi yenye silaha yalitia sahihi kwenye ahadi za kusimamisha vita. Kabla ya mwaka kwisha mapigano makali yalikuwa yamerudi. Hatusemi kwamba mkutano ule ulikuwa bure. Tunasema kwamba karata iliyowekwa mezani mjini haiwi karata mkononi mwa kijiji mpaka kijiji chenyewe kimeiingiza katika bunda lake, na hilo linataka muda.

Mazungumzo baada ya mchezo

Mchezo mmoja unachukua kama dakika 40. Mazungumzo tunayapa saa nzima, na bila hayo mchezo ni wa kupitisha muda tu. Tunauliza maswali machache:

- Ni zamu gani ulitaka kusaidia ukakosa karata?
- Nani alijenga Ukuta, na wimbi lilihamia kwa nani?
- Katika mtaa wetu, Kinyongo kinaingiaje? Kinatokaje?
- Ni karata gani haipo kwenye mchezo lakini ipo katika maisha yetu?

Swali la mwisho linaleta mengi. Kikundi kimoja kiliongeza karata ya “Bibi anayejua kila mtu”. Kingine kikaongeza “Deni la zamani”, ambayo inaanza tayari ndani ya bunda la mchezaji kabla hajafanya lolote, kwa kuwa, walisema, kuna vinyongo ambavyo mtoto anavirithi. Sisi hatukuwa tumeliwaza hilo.

Wakishindwa, na mara ya kwanza karibu wote wanashindwa, kikundi kinachagua karata moja tu ya kuanza nayo mchezo unaofuata. Ni lazima wote wakubaliane. Makubaliano hayo wakati mwingine yanachukua muda kuliko mchezo wenyewe, na hatuyaharakishi.

Mambo ya kuangalia

Mama mmoja alituuliza waziwazi: “Papa, hawa watoto wamesikia mabomu ya kweli. Munawaletea vita ya karata ya nini?” Swali lake ni la haki, na masharti yetu yametokana na maswali ya wazazi kama yeye.

- Hakuna jina la kabila wala la kundi lenye silaha kwenye karata yoyote. Likitajwa mezani, tunasimama.
- Ubao hauchorwi kama ramani ya kata halisi. Ramani yenye njia na vizuizi ikikutwa mfukoni mwa kijana inaweza kumletea matatizo.
- Mshefu wa kata na wazazi wanaona mchezo kwanza, na wanaucheza wenyewe wakipenda.
- Kila mchezaji ana kifuniko chekundu. Akikiweka mezani anatoka, bila kuulizwa sababu mbele ya watu. Mwenzetu aliyefundishwa kusikiliza anamfuata.
- Wenye majeraha mapya ya moyo hawasukumwi kucheza. Kwao kuna kazi nyingine, kama kuchora karata.
- Hakuna kucheza kwa pesa. Maharage yanapikwa jioni na kuliwa na wote.

Tunaongeza neno moja juu ya matumaini. Mchezo hauleti amani. Kijana asiye na kazi, ambaye ameahidiwa chakula na bunduki, hatazuiwa na karatoni yetu. Anahitaji shule, shamba, mshahara na usalama, na hayo ni madai yanayopaswa kuelekezwa kwa wenye mamlaka. Mchezo unachoweza kufanya ni kumpa yeye na jirani yake maneno ya kusema jambo ambalo ni gumu kulisema moja kwa moja. Tumesikia vijana wakisema sokoni, “Usiniongezee kinyongo katika bunda,” na wote wawili wakacheka, ugomvi ukapoa. Ni jambo dogo, lakini kwetu mambo madogo ya namna hiyo ndiyo kazi ya kila siku.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, ushauri wetu ni huu. Msinakili karata zetu jinsi zilivyo. Kaeni na vijana wenu, waulizeni wanalinda nini, mawimbi yao ni yapi, na fimbo yao inaitwaje. Kwenu pengine si bomba la maji bali ni malisho, soko, au daraja. Andikeni upande wa mbele wa karata, kisha chukueni muda mrefu zaidi kuandika upande wa nyuma.